Hesabu ya Waliorudi

Kila Ijumaa saa nne asubuhi mkuu wetu alipiga simu kutoka Maputo, na kabla salamu hazijakolea aliuliza, "Zimefungwa ngapi?" Aliuliza kasoro. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunatengeneza programu ya kompyuta, na programu haikosi kasoro kama mbwa asivyokosa viroboto. Ilipoonekana moja tuliiandika na kuipa namba, tulipoirekebisha tuliifunga. Mkuu alitaka zilizofungwa ziwe nyingi na zilizobaki wazi ziwe chache. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa afya ya mradi, na mimi nilikuwa daktari wa kusoma kipimo.

Hiyo ilikuwa miaka ya gesi. Ilikuwa imegunduliwa baharini mbele ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na ghafla kila mwenye cheti cha chuo aliyezaliwa pwani hii alitafutwa. Mimi ni wa Mocímboa da Praia. Nilisoma kompyuta Maputo, nikarudi na kichwa kikubwa kuliko begi langu, nikapewa kuongoza kazi ambayo waliokuwa juu yangu hawakutaka kuja kuiongoza wenyewe. Ofisi yetu Palma ilikuwa nyumba ya kupanga ambayo zamani ilikuwa ghala la saruji. Vumbi la saruji halikuisha. Tulilifuta kwenye kompyuta asubuhi, na mchana likawa limerudi.

Kazi ya programu ni rahisi kuieleza. Kulikuwa na ardhi ng'ambo ya mji iliyotakiwa kwa kambi na barabara, na watu waliokuwa wakikaa humo walipaswa kuhama. Waandikishaji walizunguka na tableti nyumba kwa nyumba wakiandika kila familia ina nini pale: nyumba, shamba, minazi, mikorosho. Na makaburi. Makaburi yalikuwa na orodha yake, kwa sababu yalitakiwa kuhamishwa kwa heshima. Kila kaburi la kwenye orodha lingepata nafasi katika makaburi mapya, sanda mpya, na shehe wa kuyasimamia. Kaburi ambalo halikuwa kwenye orodha, tingatinga lisingelijua. Lingepita tu.

Chuoni nilifundishwa kwamba kazi isiyopimwa haitengenezeki, nami nikaliamini hilo kama msichana anavyoamini maneno ya mchumba wa kwanza. Tulianza kwa kupima mistari ya programu tuliyoandika kwa wiki. Mwenzangu, kijana mtu mzima kutoka uwanda wa juu, Mmakonde, Mkristo, mcheshi asiyecheka, alianza kuandika kwa mistari kumi kitu kilichotosha kwa miwili. Nilipomuuliza akaniita dada kwa Kireno, akasema, "Mana, si ndicho kinachohesabiwa?" Tukaacha. Tukapima saa za kazi. Jenereta lilikuwa linazimika saa sita, sisi tunaandika tumefanya kazi mpaka saa kumi, maana kweli tulikuwa tumekaa pale tunatazama kompyuta zilizozimika. Tukaacha na hilo. Ndipo likaja la kasoro zilizofungwa, nalo likabaki, kwa kuwa mkuu alilipenda. Lilichorwa vizuri. Tulikuwa na ubao mweupe ukutani wenye mistari miwili, wa bluu ukipanda na mwekundu ukishuka, na kila Ijumaa nilipiga picha ubao huo nikamtumia.

Kipimo kingine nilikibuni mwenyewe, na nilijisifu nacho. Nilisema, tusihesabu kasoro tunazoziona sisi tu, tuhesabu malalamiko ya wananchi. Mtu aliyeandikishwa vibaya atakuja ofisini, tutaandika shida yake, na malalamiko yakipungua tutajua programu imekuwa bora. Tukanunua daftari kubwa la mistari. Binti wa mapokezi, mtoto wa Palma aliyelelewa akaleleka, akalichora safu tatu: jina, kijiji, shida. Wiki za kwanza zilipata malalamiko machache. Baadaye moja moja. Baadaye sifuri, wiki kwa wiki, sifuri safi. Mkuu alifurahi mpaka akaniita engenheira, yaani mhandisi, cheo ambacho alikuwa akikihifadhi kwa siku kubwa.

Sijui nilikuwa na akili gani siku zile. Ningekuwa mgeni wa Maputo ningesamehewa. Lakini mimi ni mtoto wa pwani, na ninajua jinsi mtu wa kwetu anavyopeleka jambo lake kwa mtu asiyemzoea. Haingii na kuliweka mlangoni kama kapu la samaki. Anaingia, anasalimia, anauliza hali ya nyumbani, anakaa, anapewa maji, anaaga, anaondoka. Siku nyingine anarudi, hivyohivyo. Mara ya pili, na ikizidi sana ya tatu, mwenyeji mwenye adabu anasema, "Naona umetukumbuka sana siku hizi, kuna jambo?" Hapo ndipo jambo linatoka. Kuulizwa ni haki ya mgeni, na kuuliza ni wajibu wa mwenyeji. Anayelitoa kabla ya kuulizwa amemwaibisha mwenye nyumba, kana kwamba anamwambia hana macho. Mimi mwenyewe nilipigwa kofi la mdomo nikiwa mdogo, kwa kuingia kwa shangazi na kusema moja kwa moja kwamba mama ametaka ungo wake. Hayo yote nilikuwa nayajua, halafu nikachoresha safu inayoitwa shida, nikaketi nyuma ya ukuta nikisubiri ijae.

Na binti wa mapokezi naye alifanya alivyofunzwa. Mtu akija, anamkaribisha, anampa maji, anazungumza naye kwa upole. Kwenye safu ya shida anaandika, "Amekuja kusalimia." Mimi sikumwambia aulize. Safu ile sikuisoma, nilisoma jumla tu.

Sasa nieleze kasoro yenyewe, maana hapo ndipo mkono wangu ulipo.

Fomu ya kaburi ilitaka jina la marehemu na mwaka wa kufa. Bila vyote viwili tableti iligoma kuendelea. Kwa makaburi ya watu wazima haikuwa taabu. Jina lipo, na mwaka watu walikadiria. Lakini yako makaburi mengine. Mtoto akifa kabla ya siku ya saba, kabla hajapewa jina, anazikwa karibu na nyumba, pembeni ya jiko au chini ya mlimao, kwa jiwe moja dogo. Hazungumzwi. Mama yake anajua mahali, na mwaka anaujua kwa mambo mengine: mwaka tuliokula mizizi, mwaka wa kimbunga, mwaka mume wangu alipokwenda Tanga. Mama yangu ana makaburi mawili ya namna hiyo, Mocímboa. Naandika hili ili asije mtu akasema sikujua. Nilijua kabisa.

Waandikishaji wakaanza kupiga simu: fomu inakwama. Kila aliyepiga aliandikiwa kasoro yenye namba yake. Kufika Alhamisi mstari mwekundu ulikuwa umepanda ukapita wa bluu, na kesho yake mkuu angetaka picha. Mwenzangu akaja mezani kwangu.

"Mana, hii tunaweza kuimaliza leo. Tunaiacha fomu ipite hata kama jina na mwaka havipo."

"Na kaburi?"

"Lenyewe litabaki ndani ya tableti. Haliji kwenye orodha kubwa mpaka vyote viwili vijazwe. Baadaye tunayatazama yote pamoja, tunaona la kufanya."

"Mwandikishaji ataona kwamba halijafika?"

"Hapana. Ataona fomu imepita."

Nikatazama ubao. Ningeweza kusema tuondoe sharti la jina na mwaka moja kwa moja, lakini sharti hilo lilikuwa kwenye mkataba, na kulibadilisha kulitaka barua Maputo, na barua ilitaka wiki tatu. Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kazi, ni ule wa kuulizwa swali moja kila Ijumaa. Nikasema, "Fanya." Tukafunika kombe mwanaharamu apite. Kwa rekebisho lile moja tulifunga kasoro zote za wiki, toleo jipya likapelekwa vijijini kwa flashi, simu zikanyamaza, na Ijumaa nilituma picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutuma. Neno baadaye tulilisahau wote wawili.

Bibi mmoja alikuja ofisini katika wiki zilizofuata. Mara ya kwanza nilimwona kupitia mlango, mwembamba, kanga mbili safi, miguu ina vumbi jekundu la njia ndefu. Alikaa na binti wa mapokezi kama nusu saa, akanywa maji, akaondoka. Mara ya pili sikumwona, nilisikia sauti yake tu, akiuliza kama wazazi wa binti hawajambo. Mara ya tatu binti alikuwa amekwenda sokoni, na nikampokea mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu ukae."

Akakaa. Akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia Mocímboa akafurahi, akaniuliza mtaa gani, akamtaja mtu ambaye sikumjua. Nikampa maji. Akayanywa polepole mpaka chini, kikombe akakishika kwa mikono miwili akawa anakitazama. Kwenye kompyuta yangu nyuma ya mlango kulikuwa na kazi inayosubiri. Nikatazama saa. Alikiona kitendo hicho, naapa alikiona, maana hapohapo akainuka.

"Kazi zenu nyingi, mwanangu. Mungu awasaidie."

"Amina, bibi. Karibu tena."

Nilipata nafuu alipoondoka, na nafuu hiyo inanichoma mpaka leo. Daftarini nikaandika kama binti alivyokuwa akiandika.

Ikapita miezi. Daftari likajaa, binti akaomba jipya, na mimi nikalichukua lile la zamani nilitie kabatini. Nililifungua kwa uvivu tu, nikisubiri jenereta liwashwe. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nimekipiga picha kimya hicho kila Ijumaa. Ukurasa baada ya ukurasa: amekuja kusalimia, amekuja kusalimia. Nikajiuliza tangu lini watu wa vijiji vya mwendo wa nusu siku wanatembea kuja kusalimia ofisi yenye vumbi la saruji. Nikachukua penseli, nikaweka alama kwa kila jina lililoonekana zaidi ya mara moja. Sikuhitaji kompyuta. Nilipofika mwisho penseli ilikuwa butu. Jina la yule bibi lilikuwepo mara tatu, ya mwisho kwa mwandiko wangu, na baada ya hapo halikuwepo tena. Kwa kipimo changu, mtu asiyekuja tena ni mtu aliyeridhika.

Nikampelekea mwenzangu daftari. Nikamwita kaka kwa Kireno, nikamwambia, "Mano, fungua yale makaburi yaliyobaki ndani ya tableti."

Hakuuliza yapi. Akaunganisha tableti moja moja na kompyuta yake, na kila moja ilikuwa na yake. Alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi akifanya kazi. Siku ile hakupiga. La bibi lilikuwa katika tableti ya nne. Mtoto. Jina hakuna. Mwaka haujulikani. Mwandikishaji alikuwa ameongeza maelezo kwa mkono wake: chini ya mlimao, nyuma ya jiko. Tukatafuta kiwanja chake kwenye ratiba ya kusafisha ardhi. Kilikuwa kimesafishwa Jumanne. Ile ilikuwa Alhamisi.

Nilimpigia mkuu bila kungoja Ijumaa. Nikamweleza yote, pamoja na neno langu la "fanya". Sitaki kumchora kama mtu mbaya. Alisema pole, kisha akauliza kama tunaweza kuifungua kama kasoro mpya ya wiki hii ili hesabu za zamani zisiharibike. Nikamwambia zimekwisha kuharibika. Nikamwambia kuanzia leo ubaoni patakuwa na vitu viwili tu: watu wangapi wamerudi zaidi ya mara moja, na siku ngapi zimepita tangu mtu afike mara ya kwanza mpaka jambo lake liishe mkononi mwake, si kwenye kompyuta yetu. Na mapokezi watauliza.

"Itaonekana vibaya, engenheira."

"Itaonekana vibaya sana," nikasema. Sikuwa na hasira. Nilikuwa sina nguvu za kuibeba.

Kisha tukaomba gari, tukaenda. Bibi alikuwa amehamia kwa dada yake, upande huu wa mji, nyumba ya udongo yenye uzio wa makuti. Njiani mwenzangu alikuwa amepakata kompyuta yake anaandika, gari likiruka mashimo. Sikumuuliza anaandika nini. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama kwamba tingatinga limepita juu ya mwanawe kwa sababu nilitaka mstari ushuke. Niliyajaribu kwa Kiswahili, nikayajaribu kwa Kireno.

Alitupokea mlangoni. Akatutandikia mkeka, akaleta maji, nasi tukanywa. Nikamuuliza hali, akaniuliza hali. Mwisho nikasema, "Bibi, ulikuja kwetu mara tatu. Kulikuwa na jambo?"

"Lilikuwepo," akasema. "Limekwisha."

"Limekwishaje?"

Akamtazama dada yake. "Tulikwenda sisi wawili na jembe, kabla ya mashine. Tulichimba pale chini ya mlimao. Hatukukuta kitu, ni udongo tu, ulikuwa mweusi kidogo kuliko mwingine. Tukauchukua huo. Dada akasoma anayoyajua. Hatukumwita shehe wala mwanamume, maana orodha ilisomwa msikitini na mwanangu hakuwemo. Nikasema labda haruhusiwi."

"Anaruhusiwa, bibi. Kosa letu. Kosa langu."

Hakusema haidhuru, kama nilivyotegemea aseme. Aliniangalia usoni.

"Siku ya tatu nilikukuta wewe. Ukasema wewe wa Mocímboa. Moyo ukatulia, nikasema huyu wa kwetu, huyu ataniuliza. Ukatazama saa."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikaa nje ya ofisi yenu chini ya ukuta mpaka adhuhuri. Nilidhani utatoka unifuate."

Nikainamisha kichwa. Nililia, na sikuona haya, ila niliona haya kwamba ni mimi niliyekuwa nalia na si yeye. Dada yake akanisogezea kikombe cha maji tena.

Udongo walikuwa wameuzika nyuma ya nyumba, karibu na uzio, na juu yake jiwe dogo walilolibeba kutoka kule. Tulikwenda kuliona. Mwenzangu alivua kofia, akachuchumaa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoa tableti mkobani.

"Bibi, naomba tumwandike. Apate nafasi pamoja na wenzake, na shehe amsomee."

"Mwaka siujui, baba. Nilimwambia yule wa kwanza."

"Mwaka hautakiwi tena. Nimeutoa sasa hivi, njiani. Na jina pia."

Bila barua ya Maputo, bila ruhusa ya mtu, na sikumkataza. Bibi akaitazama fomu, ingawa hakuwa anajua kusoma. Ilikuwa na nafasi moja kubwa tupu.

"Basi mnataka nini humo?"

Mwenzangu akanigeukia mimi. Miezi yote ile nilikuwa nikiamua nini kihesabiwe na nini kisihesabiwe; safari hii nikamwachia bibi. Bibi akaketi chini karibu na jiwe, akakunja miguu, akaweka kanga yake sawa.

"Aliishi siku nne," akasema. "Hizo ninazijua zote."

Mwenzangu akaweka tableti magotini, mimi nikakaa kwenye mchanga. Hakuna aliyetazama saa.

"Siku ya kwanza," alisema bibi, "alinyonya vizuri."